YAH: Ukurasa wa Kumi na Saba

Ndugu Katibu, Bodi ya Zabuni, Newala.
Barua yenu nimeipata,
mistari mitatu na muhuri:
zabuni yetu ya madarasa mawili na matundu sita ya choo
imetupwa nje
kwa kuwa ukurasa wa kumi na saba
haukutiwa saini.

Sikatai. Nimeutazama upya.
Pale pa saini pana dole gumba langu,
la saruji.

Mchana nilikuwa Kitangari napanga tofali,
usiku nachaji simu kwa jirani,
nakokotoa nondo, kokoto, misumari ya bati,
na Shaweji, mtoto wa dada yangu,
ananisomea fomu kwa sauti
kama anayesoma karatasi ya dawa asiyoijua:
mtaji wa uendeshaji,
dhamana ya zabuni,
uzoefu wa kazi zinazofanana, miaka mitano.

Uzoefu ninao, Ndugu Katibu.
Ile zahanati ya barabara ya Mnyambe,
ukuta wa kusini ni wangu.
Kibao kina jina la kampuni ya mbali.
Mwenyewe alikuja mara mbili,
kupiga picha, na kukabidhi.
Katikati tulikuwa mimi, Lipei na mwiko,
na mwiko hautoi cheti.
Aliyepewa kazi kaandikwa,
aliyeifanya kalipwa kwa kutwa.

Ndiyo maana safari hii tukasema, basi.
Lipei ana randa na milango yake,
Zainabu Chinjala ana lori la mchanga, bovu breki, zima moyo,
mimi nina daraja la saba na ngazi ya kuazima.
Tukaandikiana ubia kwa mwanasheria
aliyedai chake kabla hatujakaa.
Benki wakataka hati ya nyumba;
nyumba ya Lipei haina hati, ina mikorosho tisa.
Dhamana ikapatikana.
Korosho alimuuzia nani, kabla ya mnada,
hilo halina kisanduku katika fomu.

Siku ya mwisho mtandao ulikata saa nne kasorobo,
Zainabu akapanda juu ya lori na simu,
mkono hewani kama anayeapa,
mpaka ikaandika: imepokelewa.
Tulipiga vigelegele, Ndugu Katibu,
kwa kupokelewa tu.

Sasa nasikia bei ya mshindi
iko chini ya yetu kwa milioni mbili na laki tatu.
Hizo pesa nazijua zilipo.
Ni maji.

Huku juu maji hayaji, yanapandishwa.
Kiangazi tunayahesabu kwa dumu, na dumu lina bei yake,
na zege changa ni kama mzazi:
litapewa kunywa siku saba, asubuhi na jioni.
Ukilinyima halilalamiki.
Linakauka, linapakwa rangi, linafunguliwa kwa hotuba.
Linangoja mvua ya kwanza, watoto wamo ndani,
ndipo linapotoa ufa
mwembamba kama unywele kwenye ugali.
Na anayeitwa kuuziba ni mimi.
Kwa kutwa.

Siombi kazi ya mtu. Kashinda, ajenge.
Ila kabla hajamwaga msingi mumuulize, kwa upole,
maji umeyaandika wapi?
Na mkiitisha semina ya wakandarasi wadogo
msituite Dodoma, nauli ile ni mifuko minane ya saruji.
Njooni hapa, siku isiyo ya gulio,
mtuonyeshe kwa kidole: saini hapa, na hapa, na hapa.
Chai tutapika sisi.

Shaweji amenunua kalamu tatu za bluu.
Nimenawa mikono kwa maji ya kununua.
Barua hii ni ukurasa mmoja, nimeusaini juu,
nimeusaini pembeni, nimeugeuza nikausaini mgongoni,
pasije pakabaki pa kunitupia.

Wako katika ujenzi wa Taifa
(mkinipa nafasi),
Somoe Nandonde.
Saini. Saini. Saini.