Wategemezi

Fomu ya bima inauliza: wategemezi wangapi?
Nimeandika mama, Doto, na mtoto wa marehemu kaka.
Watatu. Sahihi. Tarehe.
Programu ya mizani ya Mwaloni, niliyoianza masika,
ina wategemezi arobaini na mmoja
na haina fomu.

Ghorofa ya pili, Kirumba. Dirisha linaingiza harufu ya dagaa.
Lukumbuzya anataka kiunzi kikubwa:
"Unaweka alama moja tu juu ya kila moduli,
chenyewe kinajua nani anamhitaji nani,
kinaleta."
Kama dalali, nikasema.
"Dalali mwaminifu," akasema.
Nikacheka, sikutaka.

Kosa la kwanza lilikuwa langu.
Kipimaji nilikiacha kiende chenyewe kutafuta bei,
kama mpishi anayeacha sufuria motoni
akafuate chumvi Igogo.
Kila jaribio lilidai seva hai, mtandao, na sangara wa kweli.
Umeme ukikatika tulikaa tu
tukihesabu mawe ya kilimani.

Tukakiambia: usitoke. Utapewa mlangoni.
Nkwimba akakipa jiwe la kilo mbili badala ya samaki
na bei ya uongo, shilingi kumi.
Kikapima, kikazidisha, kikatoa risiti ya ishirini
bila kuuliza jiwe limevuliwa wapi.

Basi ugomvi ukabaki: nani asimame mlangoni?

Kiunzi cha Lukumbuzya tulikijaribu wiki mbili.
Kikaleta. Kikaleta hata tusivyoviomba.
Alhamisi, saa nne usiku, malori kwenye foleni,
Risiti anamsubiri Ushuru,
Ushuru anamsubiri Risiti,
na kosa la mistari mia mbili
halitaji hata jina moja tulilolitoa sisi.
Kule mwaloni wakarudi kwenye daftari.

Jumatatu nikafungua faili moja, nikaliita Mlango.
Nikaandika kwa mkono: huyu apewe yule,
yule apewe huyu.
Mistari arobaini na mmoja. Inachosha, kweli.
Lukumbuzya akaisoma yote, akakuna kidevu:
"Na wakifika mia nne?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Labda siku hiyo dalali ataitwa,
ila atatukuta tunawajua kwa majina.

Fomu ya bima ina ukurasa wa pili:
mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura.
Nimemwandika Nkwimba.
Ndiye anayejua jiwe tumeliweka wapi.