Mara Saba Njiani

Kipimo kilisema tisini na sita.
Kidude cheupe, kimebana kidole kama gando la kaa mdogo,
na mimi, mgeni wa Micheweni, miezi miwili toka Unguja,
nikaandika: Hali nzuri. Arudi nyumbani.

Nyumbani ni Maziwa Ng'ombe.
Amekuja kwa miguu, amepumzika mara saba,
kila mapumziko kaokota kokoto, kaifunga pindoni mwa kanga,
asije akaulizwa akakosa jibu.
Sikumuuliza.

Bi Mkasi Hamad, mponda kokoto.
"Ahsante, mwanangu," akasema:
maneno mawili, pumzi tatu.
Sikuzihesabu. Chumu alizihesabu.

Chumu, muuguzi, miaka kumi na tisa kituoni,
cheo kile kile,
akaushika ule mkono akaugeuzia dirishani.
Ngozi imekuwa gome. Kucha nyeusi tii
kwa piko la harusi ya binti yake.
"Daktari, hichi kidude
kimefunzwa kusoma vidole vya kushika kalamu.
Hapa kinasoma piko."

Akakihamishia kwenye ndewe ya sikio.
Themanini na tatu.

Waraka ulikuwa umebandikwa ukutani, na muhuri wake:
kila mgonjwa apimwe sawasawa.
Tulipima sawasawa. Kidude kimoja, kidole kile kile, dakika ile ile,
na sawasawa yetu ikawa inamfungulia mtu mlango
akafie kwao.

Mtungi wa hewa tulikuwa nao mmoja,
mshale wake unatetemeka chini ya robo.
Chumu akapiga simu Wete.
"Mitungi ipo, lakini ni ya akiba."
"Akiba ya nani?"
Salio likakata.
Akaninyooshea mkono bila kunitazama: lete yako.
"Nakuuliza tena. Akiba ya nani?"

Ukafika saa nne ya usiku,
umelazwa juu ya godoro kama mzazi.

Siku tisa Bi Mkasi alilala kwa kukaa.
Ya kumi aliomba uji,
akautia mdomoni, akauliza nani kaupika
bila pilipili manga.

Tulicheka. Kisha nikalifungua daftari, nikarudi nyuma.
Wiki tatu za mwandiko wangu mzuri:
mponda kokoto, arudi nyumbani.
Mkulima wa mwani, arudi nyumbani.
Mponda kokoto. Mponda kokoto.
Kumi na mmoja.

Tukawafuata, Chumu mbele, mimi nimebeba mkoba,
njia ya mawe inayokula soli za viatu;
mara ya tatu nilipokaa kitako kupumua
ndipo nikajua ni mbali.

Tisa tuliwakuta.
Wawili tulionyeshwa walipo.

Zile kokoto Bi Mkasi aliniachia mezani,
hakusema za nini.
Kidude bado ninacho, nakitia betri, nakifuta kwa spiriti.
Lakini kabla hakijambana mtu
namvutia kiti, namngoja atulie,
namuuliza:
umepumzika mara ngapi njiani?