Vitanda vya Ruai

Mwalimu alimwuliza mwanangu: mama yako hufanya kazi gani?
Mutuku akajibu: hutandika vitanda.
Darasa likadhani niko hotelini.

Sikumsahihisha. Kweli natandika.
Vitanda kumi na viwili vya mchanga na kokoto,
na juu yake tope jeusi, zito kama uji wa matanga,
lililoteremka kutoka Lavington na kutoka Mathare
bila kuulizana kodi ya nyumba.
Likifika huku limeshakuwa kitu kimoja.
Ndio umoja wa taifa niliouona kwa macho yangu.

Jua hulikausha. Wiki tatu, nne;
Aprili ikinyesha, hata kumi.
Hupasuka kama kigae,
na katika kila ufa hupanda pumzi isiyo na rangi.
Mhandisi Atsango husema pumzi hiyo
huifunika dunia blanketi zito kuliko moshi wa lori.
"Lakini jua ni la bure," nikamwambia.
"Hakuna cha bure, Syombua. Kuna bili ambazo hazijafika."

Akachukua kipande cha nondo, akachora vumbini.

Tulizike? Dandora imeshiba,
na kinachozikwa kibichi hakifi:
huoza gizani, hulia machozi meusi
yanayoijua njia ya mtoni.

Tulichome? Robo tatu yake ni maji,
na nani amewahi kuchoma maji bila kuchoma pesa kwanza?
Dizeli italiwa, moshi utaelekea Njiru na upepo wa asubuhi,
na majivu yatabaki na risasi ileile,
ila sasa imekusanyika, kama wezi waliokubaliana.

Tulifungie tangini, pasipo hewa?
Hapo macho yake yakang'aa.
Vijidudu vile, vijambe, gesi iendeshe pampu zetu!
Tangi la majaribio lilikuja na wageni, likakatiwa utepe.
Mwezi wa nane vali ikapasuka.
Vali inasubiri kibali. Kibali kinasubiri sahihi.
Kwarara wamejenga juu yake.
"Na hata likifanya kazi," akasema, sauti imeshuka,
"kitabaki kitu chini. Daima kuna kitu chini."

Tulirudishe shambani?
Nikanyamaza,
maana Wanjugu wa Kamulu alikuwa langoni na pikapu yake.

Spinachi ya Wanjugu ina majani mapana kama sinia.
Mbolea ya dukani imempiga chenga miaka miwili.
Kwake hii ni dhahabu, na hajakosea:
humo mna maharagwe yote tuliyowahi kula.
Lakini mna betri za Gikomba pia,
mna rangi za viwandani,
mna mayai ya minyoo yaliyolala,
yenye subira kuliko mdai.

Karatasi ya maabara ilikuwa mfukoni, imelowa jasho.
Kitanda cha saba. Risasi. Imepita kiwango.
Wanjugu hakuniuliza hayo. Aliuliza bei.

Ningeweza kunyamaza.
Ila spinachi yake huja sokoni Jumatano,
nami hununua Jumatano.

Nikamwambia: cha saba, usikipeleke kwenye mboga.
Labda ile mikaratusi unayouza nguzo.
Chukua cha pili, ni cha tangu Desemba;
changanya na makapi ya kahawa, geuza,
kipate joto hadi mkono ukatae.
Halafu ngoja msimu mmoja.

"Msimu! Na karo nayo ingoje msimu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na sepeto.
Tukapakia cha pili, yeye na mimi, kimya,
na cha saba kikabaki pale kinapumua,
hakina mwenyewe, ilhali ni chetu sote.

Jioni, Kayole, nanawa mara tatu kwa sabuni ya kipande.
Maji yanazunguka, yanakoroma, yanashuka shimoni.
Mutuku anauliza naangalia nini.
Hakuna, nasema.
Naaga tu. Tutakutana Jumatatu.