Rangi Isiyohama

Walipotuhamisha, bibi yangu Şükriye
alikataa kufunga vyombo.
Aling'oa miche mitatu ya waridi jeusi,
akaiviringishia fulana ya babu iliyoloa,
akaipakata garini kama mtoto mwenye homa.

Nyuma yetu mto Frati ulikuwa ukipanda
bila haraka, kama mgeni ajuaye kuwa atalala hapa:
ukaingia jikoni, ukapanda ngazi za msikiti,
ukafika makaburini.
Babu yumo humo.

Halfeti mpya: nyumba zote pacha, saruji bado yanuka.
Miche ilishika. Mwezi wa tano ikachanua
maua mekundu. Mekundu ya kawaida,
ya kwenye kadi za harusi na maboksi ya sabuni.
Bibi alikaa nayo kimya, kisha akasema,
"Hata mimi hapa si yule."

Sasa nina meza yangu kando ya maji.
Nachovya waridi jekundu katika wino, nalianika,
nalisimamisha gilasini. Mungu anisamehe, bei ni nzuri.
Wageni huuliza, "Maana yake nini?"
na kabla sijafungua kinywa wameshajijibu.
Msiba, hunong'ona wengi, wakirudisha mkono.
Uasi, alisema kijana mwenye kipini puani.
Ila yule bibiye wa Izmir,
hati ya talaka ingali moto mkobani,
alinunua matano, akacheka hadi akaegemea meza:
"Nampelekea yeye. Ajue nimeshamzika, na nimekula vizuri."

Nilimuuliza bibi. Alikuwa anachambua dengu,
hakuinua macho.
"Ua halina maana, lina udongo.
Lile lilikuwa jeusi kwa maji ya kisima chetu,
kwa kivuli cha ukuta ule wa mawe,
na kwa mtu aliyelimwagia masalio ya chai
kila asubuhi, nami nikimgombeza."

Ijumaa alikuja mezani kwangu, akachagua moja,
akalipa. Nilikataa pesa; akaziacha chini ya gilasi.
Akalitupa pale anapodhani ni pale.

Wino ulitangulia kuondoka,
uzi mwembamba wa moshi ndani ya maji.
Ua likabaki juu, jekundu, likizunguka
kama lililosahau njia.

Bibi akavitazama vidole vyake vyeusi.
Hakuvinawa hadi usiku.