Inachemsha Alfajiri Tu

Saa kumi usiku, Vingunguti. Mikate bado inafuka.
Nafunga milango ya nyuma kwa kamba ya katani,
nawasha Haisi: dizeli inakohoa, inakohoa, inakubali.
Nikifika Buguruni Sheli mshale unaanza,
unapanda polepole kama mpangaji anayedaiwa kodi,
asiyetaka asikike ngazini,
mpaka kwenye nyekundu.

Nazima. Nainua kiti, injini iko chini yake.
Nangoja mvuke.
Hakuna mvuke.
Mikate inapoa, mwenye duka wa Segerea anapiga simu,
na mimi nimeshika tambara katikati ya giza
mbele ya injini isiyo na habari na mimi.

Na mchana?
Mchana wa Februari, lami ya Mandela inanata kwenye kandambili,
foleni imeganda kuanzia TAZARA,
mshale umelala katikati kama paka aliyeshiba.

Miezi saba hivi.
Fundi wa kwanza alisema thamostati. Tukaitoa.
Wa pili alisema rejeta; ikaenda Gerezani kuzibuliwa,
ikarudi inang'aa, mshale ukapanda vilevile.
Wa tatu, Komba, alivua kofia kama daktari mwenye majibu mabaya:
gasketi ya silinda hedi,
laki nne na themanini, ufundi mbali.
Mama mkwe akasema gari lisomewe.
Mimi nikanunua dumu la njano, lita ishirini,
nikalijaza maji, nikalisimamisha nyuma ya kiti.

Ambakisye ni kijana wa umeme, Tabata Dampo.
Hakugusa spana. Alikuwa anakula muhogo.
Aliuliza tu:
"Dada Tausi, alfajiri unawasha nini
ambacho mchana hukiwashi?"

Nilitaka kumjibu hovyo.
Nikanyamaza.
Taa.

Tukaiacha injini iungurume mpaka ipate joto lake.
Mshale katikati.
Akawasha taa kubwa: mshale ukainuka.
Akazima: ukashuka.
Akawasha tena, na safari hii akanionyesha kwa kidole
mshale wa mafuta, nao umejiongezea robo tangi
ambayo sikuinunua popote.
Akashika mpira wa rejeta kwa kiganja, akauacha mkono pale,
akaendelea kutafuna.
"Maji hayachemki kwa swichi," alisema.

Kisha akalala chali chini ya dashibodi, miguu nje,
tochi ya simu mdomoni,
akautoa waya mmoja mweusi, mwembamba, wa ethi,
kichwa chake kimeota ukijani.
Hewa ya mji huu ina chumvi; inakula bati la jikoni,
inakula bawaba, ikaja kula na hapa, kimyakimya,
mahali padogo kuliko ukucha.
"Umeme wa taa umekosa njia ya kurudi kwao,
unakatiza uani kwa jirani."
Msasa. Bolti namba kumi. Dakika sita.
Elfu tano, na soda ya tangawizi.

Wahenga walimwonya mficha maradhi.
Hawakusema neno juu ya anayelia
bila kuumwa,
wala juu yetu tuliomfumua tumbo mara tatu
bila kumwuliza analia saa ngapi.

Alfajiri iliyofuata niliwasha taa zote,
hata ile ya ndani iliyokuwa haina kazi.
Kilima cha Kinyerezi, mzigo umejaa,
macho yangu kwenye geji kuliko barabarani.
Katikati. Katikati. Katikati.
Nilisimama juu pale, nikainua kiti,
nikaweka mkono kwenye mpira wa rejeta
kama nilivyomwona akifanya.

Dumu bado liko nyuma ya kiti, limejaa.
Jana mtoto wa dukani aliniuliza ni la nini.
Nikamwambia la kunawia.