A Ndogo

Siku ya kwanza Fundi Shebwana hakunipa brashi.
Alinipa uzi, soksi iliyojaa unga wa chokaa,
na ukuta mzima wa duka la Tayabali, Majengo,
uliopauka kama kaimati zilizokosa shira.

"Shika ncha hiyo. Vuta. Wata."
Uzi ukalia tap,
na ukutani ukazaliwa mstari
mwembamba, mweupe, usio na shaka.
"Huo ndio uongo wetu wa kwanza," akasema.
"Duniani hamna mstari. Kuna mahali kitu kiishapo
na kingine kianzapo. Sisi twapapa jina."

Nukta je, ni nini?
Akaugusa ukuta kwa ncha ya penseli
akaenda zake kunywa kahawa.
Aliporudi, mimi bado naitazama,
na ukuta wote umejipanga kuizunguka.

Rangi alikuwa nazo kwenye makopo ya samli.
Tatu tu, alisema, ndizo zijuazo kuvaa
kwa kadiri ya mwenyeji wao:
ukuta mweupe, jiwe jeupe, kitambaa cheupe,
usiku mweusi, jicho jekundu.
Hizo nyingine zote tumeziazima:
manjano jikoni, kahawia kwenye kikombe,
kijivu mekoni, chungu kikishaepuliwa,
zambarau mtini,
na samawati, hiyo tumeikopa juu
na mwenyewe hajaidai.

Chuoni, miaka baadaye, chati ikanipa tatu za kwake:
nyekundu, manjano, buluu. Rangi za msingi.
Nikaandika hivyo, nikapasi.
Nyeusi na nyeupe zilibaki nje ya duara
kama wageni waliofika harusini bila kadi,
na nyekundu peke yake
ndiyo iliyoalikwa pande zote mbili.

Kisha kivuli.
Herufi D niliipa kivuli kushoto,
U nikaipa kulia, zisioneane wivu.
Fundi akatazama ukuta, akatazama mbinguni.
"Wee mwana, Majengo yako ina majua mangapi?"
Kivuli ni shahidi, akasema. Ukimdanganya alipo mwanga,
herufi hazisimami, zaning'inia.
"Tizama kwa mato kwanza. Mkono utafuata."

Alikuwa ameniambia nipime.
Hesabu herufi, hesabu na pumzi zilizo baina yake,
maana nafasi nayo ni umbo, ila haikutiwa rangi.
Sikupima.
Nilikuwa na miaka kumi na sita na D iliyonona.
DUKA ikakaa kitako kama bibi harusi,
LA ikafuata kwa adabu,
DAW
na ukuta ukaisha.

Palibaki upana wa vidole viwili, kisha bomba la mvua.
Nikaichomeka A hapo, nimeikunja mabega,
imesimama kwa ncha za vidole
kama mtoto aliyechelewa picha ya ukoo.

Nilingoja kofi.
Tayabali alitoka, akavaa miwani, akaivua, akarudi ndani.
"Mizani imekwenda upande," Fundi akanong'ona.
Akachukua brashi. Akafikiri.
Akairudisha kwenye kopo la mafuta ya taa.
"Iwate. Nikiigusa sasa, kosa litakuwa langu."

Siku hizi nafundisha sanaa, Tudor.
Ubaoni naandika: *mkazo, pale jicho lifikapo kwanza,*
na wanafunzi wananakili bila kuinua vichwa.
Sijawaambia kwamba juzi nilipanda bodaboda
kwenda kwa fundi wa simu, Majengo,
na kijana aliyeniendesha,
ambaye ukuta ule ulipopakwa alikuwa hajazaliwa,
aligeuza shingo kwenye taa nyekundu akaniuliza:
"Ni kabla ya A Ndogo, au ukishaipita?"