Nani Kaziba Hapa?

Asubuhi moja nimepeleka presha mbili kwa mafundi:
moja ndani ya kifua, hospitali ya Wete,
moja ndani ya kikapu, kwa Shaame wa Limbani.

Nesi Hidaya kanifunga mkono, kaubinya mpira,
kaangalia, kaangalia tena.
"Mia na themanini, mama. Kichwa kinauma?"
Hakiumi.
"Ndiyo hivyo. Hii haipigi hodi."
Kanipa vidonge vya mwezi, kanikataza chumvi,
kanikataza kuweka mambo moyoni.
Nikamuuliza, sasa niyaweke wapi?
Kacheka. Kaita mwengine.

Shaame hana kitanda cha mgonjwa.
Ana ndoo iliyofudikizwa, ndipo ukaapo,
na kijana anayesugua birika kwa mchanga.
Nikaitoa sufuria yangu,
nikaanza kuisemea kama mtoto asiyejua kusema:
miaka kumi na tisa, nimeinunua Unguja,
imekuja na meli imefungwa ndani ya kanga,
imepika mbaazi za Ramadhani ngapi,
imempokea pweza wa Kojani mgumu kama kandambili
ikamtoa amelegea, anakatika kwa kijiko.
Mpira nimeshabadilisha mara nne.
Kishikio ni cha mwarubaini, kachonga mwanangu.
Sasa inavuja ubavuni,
choroko tu zinakula gesi ya siku mbili,
na gesi, Shaame, bei yake unaijua.

"Inayovuja haipasuki," kanambia.
"Mimi naogopa iliyonyamaza."
Kauinua mfuniko juani, kafumba jicho moja.
Kaliona tundu la pembeni,
lile dogo, lisilosema ila mvuke ukizidi.
Limejaa lehemu. Limesuguliwa, linang'aa
kama jino la dhahabu.
"Nani kaziba hapa?"

Nilimjua nani.
Ngwali, mwaka aliostaafu bandarini
akakaa nyumbani na redio yake.
Taarifa ya habari ikianza,
na sufuria nayo ikaanza yake.
"Hii inasema sana," alisema.
Akaichukua jioni, akairudisha asubuhi,
ikapungua maneno.
Nami, Mungu anisamehe, nilimshukuru.
Nilidhani imetengenezwa.

"Kuizibua naweza," kasema Shaame, "elfu tano tu.
Kuiamini siwezi. Hebu gusa hapa ndani."
Nikagusa. Bati jembamba, mithili ya ukucha.
Miaka saba nimesimama mbele yake na mwiko,
wajukuu wakichezea vifuniko vya soda miguuni pangu.
Nikaketi juu ya ile ndoo.
Kijana akaacha kusugua, akaniletea maji.

Mpya ni elfu tisini, dukani kwa Mbarouk.
Nimetoa sabini, na ahadi,
na hadithi ya hospitali, ikamkata maneno.
Kwa ule mwengine hakuna duka.
Huo ni wa kutengeneza tu,
kidonge leo, kidonge kesho,
na fundi wake hata ndani hajapaona.

Ile kongwe imerudi bila mfuniko. Nalowekea mbaazi.
Mfuniko kabaki nao Shaame, kautundika msumarini;
kila aletaye sufuria
huonyeshwa tundu kwanza, ndiyo atajiwe bei.

Saa mbili usiku. Choroko jikoni, habari redioni.
Mpya ikalia, sauti kali, ngeni,
kama mgeni asiyejua kuwa nyumba hii watu hunong'ona.
Ngwali kageuza shingo:
"Hebu ipunguze."
Nilikuwa nakata vitunguu, macho yana sababu yake.
"Wacha iseme."
Kanitazama mimi, hakuitazama sufuria.
Nikaendelea kukata.
Mkono wake ukaenda kwenye redio, taratibu,
ukaishusha kidogo.